Silinda Sita za Mzee Johana

Boneti ya ile Shevrole ya zamani ilifunguka bila kelele, maana bawaba zake zilikuwa zimepakwa grisi majuzi tu, na Inspekta Rodah Chelangat akainama kuchungulia ndani. Hakuwa fundi wa magari. Alichokuja kutazama ni namba iliyogongwa ubavuni mwa injini. Aliisoma kwa sauti ya chini huku kidole kikipita juu ya kila tarakimu, kisha akamgeukia Sajini Calvince, aliyekuwa amesimama nyuma yake na simu mkononi.

"Ndiyo yenyewe, afande," Calvince alisema. "Hakuna hata moja imekosea."

Mzee Johana Kiptum alikuwa amesimama kando ya gurudumu la mbele, kofia kaivua kama mtu aliyefika matangani. Pikapu ile aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliipata kwa mzungu wa majani chai aliyefungasha virago wakati wa uhuru. Kwa miaka mingi ilikaa pale Mogogosiek chini ya kibanda cha mabati, kuku wakitagia kitini, kwa sababu injini yake ya petroli, yenye silinda sita, ilikuwa imekufa na spea zake hazikupatikana popote. Mwaka huu mjukuu wake alikuwa akiolewa. Mzee akaapa kwamba bibi arusi hatapelekwa kanisani kwa gari la kukodi. Akatafuta injini nyingine ya silinda sita, hii ya dizeli, akatafuta na fundi wa kuitia. Kazi ilipokwisha, akafanya jambo ambalo mwizi hawezi kulifanya: aliipeleka pikapu yake kukaguliwa, ili namba ya injini mpya iingizwe kwenye hati za gari.

Kompyuta ya wakaguzi ikagoma. Injini ile ilikuwa ya Landikruza ya zahanati moja ya misheni, gari lililopotea mwaka uliopita wakati wa mvua za masika, likapotea na dereva wake, Phelix Owiti.

Faili la Phelix lilikuwa limemwangukia Rodah kutoka kwa mpelelezi aliyehamishwa, na lilikuwa jembamba. Dereva alitumwa Kericho kuchukua damu ya kumwongezea mama mmoja aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Akaichukua alasiri, ikiwa imepangwa kwenye kasha la barafu, akapiga simu kusema yuko njiani. Hakufika. Yule mama akafa. Baada ya siku kadhaa, simu ya Phelix ikawashwa Malaba, mpakani, ikiwa na laini ya mtu mwingine. Basi shauri likaishia hapo: dereva ameuza gari Uganda, yuko huko anaponda raha. Mkewe, Syprose, akatolewa kwenye nyumba za wafanyakazi wa zahanati, na sokoni watu wakamwita mke wa muuaji.

Rodah alinyooka, akajipangusa mikono. Kama gari lilivuka mpaka, injini yake ilirudije huku Konoin?

"Mzee, nani aliitia hii injini?"

"Gichana. Yule pale."

Fundi Gichana alikuwa ameegemea nguzo ya kibanda, mfupi, mpana wa mabega, kucha nyeusi kwa oili. Aliitwa aje kueleza kazi yake, na alikuja akijua ameitwa na nani. Hata hivyo Rodah alipomwomba asimulie, alianza kwa fahari, kama baba anayesimulia mtoto wake.

"Madam, hii kazi si ya kila fundi. Injini ni ndefu kuliko nafasi. Ilibidi nisogeze rejeta mpaka ikakaribia grili. Hapo chini sampu ya oili ilikuwa inagonga eksli, nikaikata, nikaichomelea upya. Maunting zote za kuishikilia nimetengeneza mwenyewe. Shafti nikaifupisha. Washa uone. Utadhani ilizaliwa humo."

"Naamini. Injini yenyewe ulitoa wapi?"

"Soin."

"Kwa nani?"

"Kuna mama ana yadi ya skrapu. Anaitwa Nyabate."

"Calvince, mtafute kwa simu. Weka spika."

Haikuchukua muda. Nyabate alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyezoea kupiga bei katikati ya kelele za misumeno. Aliposikia swali alicheka.

"Ya Landikruza, silinda sita? Hapa kwangu? Mama, hiyo ikiingia Soin hata watoto wa shule wangejua. Mimi nauza milango na mabati ya friji. Huyo anayesema aliitoa kwangu mwambie aje anitazame usoni aseme tena."

Gichana aliangalia chini. Jua lilikuwa kali, na nyuma ya kibanda mashamba ya chai yalishuka bondeni, safi kama yaliyochanwa na kitana.

Rodah hakumpigia kelele. Alirudi kwenye injini.

"Nieleze kitu kimoja tu, fundi. Giaboksi umetumia ipi?"

"Hiyo nilitafuta kando. Ya lori dogo."

"Ukauziwa injini bila giaboksi yake?"

"Walikuwa nayo. Lakini ilikuwa mbovu."

"Mbovu vipi?"

"Imepasuka."

"Wapi?"

"Pale inaposhikana na injini. Imepasuka kama chungu."

"Na feni?"

"Mapanga mawili yalikuwa yamevunjika. Nikanunua nyingine."

"Oili uliyomwaga ilikuwa rangi gani?"

Gichana alijibu kabla hajafikiri, kwa maana swali lilikuwa la kifundi. "Kama chai ya maziwa. Na chini yake mchanga."

Hata Mzee Johana, ambaye hakujua kilichokuwa kikitafutwa, aliinua uso. Kila mtu aliyewahi kumiliki gari anajua oili haiwi rangi ya chai ya maziwa mpaka maji yaingie.

"Giaboksi haipasuki kwa kuuzwa," Rodah alisema polepole. "Wala feni haivunjiki mapanga kwa kuvushwa mpaka. Hili gari liligonga kitu, likalala majini. Ni mto gani, Gichana?"

"Madam, mimi sijui mto. Haki ya Mungu sijui. Niliambiwa ni gari la mtu aliyepata ajali, familia inataka kuuza. Wakanisihi nisiseme."

"Walikuletea na nini?"

"Mkokoteni wa punda. Walikuwa wameifunika na majani ya napia."

Calvince aliacha kuandika. Yeye na Rodah walitazamana. Punda mwenye mzigo ule hatoki mbali, na katika milima ile, mwenye punda anayeweza kupanda na injini ya namna hiyo anajulikana.

"Punda wa nani?"

Gichana alifuta uso kwa kiganja, akabaki na alama nyeusi shavuni. "Kipchoge wa daraja la chini," akasema.

Kabla hawajaondoka, Rodah alilazimika kufanya jambo aliloliogopa tangu asubuhi. Alimwambia Mzee Johana kwamba pikapu ni kielelezo, itavutwa mpaka kituoni leo hii.

"Binti yangu," mzee alisema, "harusi ni Jumamosi."

"Najua, baba."

"Ningeiacha tu chini ya mabati, nani angejua? Mimi ndiye nimeipeleka serikalini kwa mkono wangu."

"Najua."

"Sasa aliyefuata sheria ndiye ananyang'anywa?"

Rodah alimwambia ataandika maelezo kwamba hana hatia. Mzee akaitikia kwa kichwa, akafunga boneti mwenyewe, taratibu, akaifuta vumbi kwa kofia yake.

*

Barabara ya kwenda daraja la chini huiacha lami na kuteremka kwa kona kali katikati ya chai mpaka Mto Kipsonoi. Madereva wa zahanati walikuwa wakiipitia wanapotoka Kericho, kwa sababu inakata safari. Mvua ikinyesha, udongo wake mwekundu huwa sabuni.

Rodah alimwambia Calvince aendeshe polepole. Kwenye kona ya mwisho walisimama. Palikuwa na mvinje mnene ukingoni, na kwenye shina lake, usawa wa kiuno, gome lilikuwa limebanduka upana wa boneti. Utomvu ulikuwa umekauka pembezoni mwa jeraha. Chini yake mteremko uliingia moja kwa moja mtoni.

"Mwaka mzima liko hapa," Calvince alisema. "Mwaka mzima, na hakuna mtu aliteremka kuangalia."

"Simu ilikuwa Malaba. Kila mtu aliangalia Malaba."

Wakaendelea kwa miguu. Hapo ndipo Rodah alipoanza kuona. Boma la kwanza lilikuwa na zizi la mbuzi, na mlango wa zizi ulikuwa mlango wa gari uliopakwa rangi ya kijani. Rangi ilikuwa imepakwa kwa pupa, na msalaba mwekundu ulionekana chini yake kama kidonda chini ya bandeji. Boma la pili jiko lake lilikuwa na dirisha la kioo cha mbele cha gari, kilichoshikizwa kwa udongo. Mbele ya kioski cha sukari na chumvi wazee walikuwa wamekaa juu ya viti vya ngozi vyeusi. Walipowaona wageni walisimama wote, kisha hawakujua waende wapi, wakakaa tena.

Shambani wanawake walikuwa wakichuma. Mmoja aliacha, mwingine akaacha, mpaka mstari wote ukatulia na vikapu mgongoni, macho kwa wale wawili barabarani. Halafu mikono ikarudi kwenye majani, kwa kasi kuliko mwanzo.

Kipchoge walimkuta akimwosha punda wake. Alikuwa mtu wa makamo, mzee wa kanisa, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Hakukimbia, wala hakuuliza wamefuata nini.

"Chamgei, mzee," Rodah alimsalimu.

"Chamgei mising." Akaweka ndoo chini. "Nilijua mtakuja. Nilidhani mtakuja mapema zaidi."

Waliingia ndani, wakakaa. Mkewe alileta chai, akatoka haraka kama anayekimbia moshi. Calvince alifungua daftari, Rodah akamkumbusha Kipchoge kwamba halazimiki kusema lolote. Kipchoge akasema amenyamaza vya kutosha.

"Lilianguka saa ngapi?"

"Mvua ilikuwa imeanza. Mvua ya mawe. Tulisikia kishindo, tukakimbia. Gari lilikuwa limegonga mti likateremka, pua iko mtoni."

"Tulikimbia ni nani?"

"Watu. Majirani. Sitataja mtu, mama. Taja mimi."

"Dereva?"

"Tulimtoa. Mguu ulikuwa umevunjika, lakini anaongea. Tulimlaza ukingoni, chini ya vichaka, tukamfunika na gunia."

Rodah alisikia kalamu ya Calvince ikisimama. Hakumtazama.

"Alikuwa hai."

"Alikuwa hai kabisa. Alisema kuna damu kwenye kasha. Alisema, 'Mniache mimi, damu ndiyo ipelekwe, kuna mama anangoja.' Aliirudia hiyo hiyo. Mniache mimi."

"Na damu ilipelekwa?"

Kipchoge alitazama mikono yake.

"Mzee, nakuuliza. Damu ilipelekwa?"

"Kuna mtu alichukua kasha. Mimi nilidhani amelichukua kulipeleka."

"Na dereva?"

"Mtu mmoja alisema anaenda kuita pikipiki. Mwingine akasema ameshapiga simu. Mvua ikazidi. Mwingine akaanza kufungua betri, akisema isiharibike majini. Ukiona mwenzako amechukua betri... Mama, hata sijui ilianzaje. Mimi ni mtu wa kanisa. Nilichukua gurudumu. Nilikuwa nimeshika gurudumu na simwangalii tena yule mtu. Giza lilipoingia, kila mmoja akapanda kwake."

"Mkamwacha."

"Hatukumwacha. Kila mmoja alidhani mwingine amempeleka."

Mto ulisikika nje, mdogo, wa kiangazi. Rodah alijilazimisha kuuliza lililofuata.

"Asubuhi?"

"Asubuhi mto ulikuwa umefurika, umepanda mpaka kwenye vile vichaka. Hakuwepo. Gunia halikuwepo. Tukasema, Mungu asifiwe, amepelekwa hospitali. Kila mtu alimuuliza mwenzake kwa macho, hakuna aliyeuliza kwa mdomo. Halafu tukasikia redioni ati dereva amekimbia na gari. Hapo ndipo tukajua hakuna aliyempeleka."

"Na mkanyamaza."

"Ungesema nini? Kila nyumba ilikuwa na kipande. Maji yaliposhuka tukaona heri gari lote liishe lisionekane. Injini ilikaa majini muda. Tuliitoa kwa kamba na ng'ombe. Simu ilichukuliwa na kijana mmoja wa kupita, mchuuzi wa nguo, ndiye aliyeenda nayo huko Malaba." Kisha akauliza kwa sauti ya mtoto: "Alikuwa na mke?"

"Yuko hapo sokoni Mogogosiek," Rodah alisema. "Umenunua mboga kwake, bila shaka."

*

Kesho yake Kipchoge alifika kituoni na wakili. Wakili alisema mteja wake alihojiwa akiwa na hofu, na kwamba hayatambui maneno yale. Gurudumu aliliokota barabarani. Mwenye mlango wa zizi aliuokota barabarani. Kioo kiliokotwa, viti viliokotwa, na ukiwasikiliza wote utaamini kwamba Landikruza ile ilipita mlimani ikijivua kidogo kidogo kama mtu anayekwenda kuoga.

Rodah alilipeleka faili kwa mwendesha mashtaka, mtu mwenye haraka na adabu. Alilisoma lote. Kwa hilo Rodah alimshukuru.

"Hakuna mauaji hapa, Inspekta."

"Kuna mtu amekufa."

"Ameuawa na mto. Nitawashtaki kwa kupatikana na mali ya wizi, na hata hiyo, nishtaki wangapi? Mlima mzima? Nani atatoa ushahidi dhidi ya nani?"

"Walimwacha pale, bwana."

"Nani alimwacha? Nitajie mmoja. Nimwandike kwenye karatasi ya mashtaka kwamba yeye, fulani, ndiye aliyetakiwa kumbeba."

Rodah alichukua faili lake, akatoka.

Aliporudi ofisini alifanya lile moja lililokuwa mikononi mwake. Kipsonoi ukikutana na Yurith huwa Sondu, na Sondu humwaga maji yake ziwani. Alianza kupiga simu mochari baada ya mochari, akiufuata mto kuteremka nao. Nyingine zilimwambia apige kesho. Nyingine hazikupokea. Katika moja ya huko chini alipokea mhudumu mwanamke, ambaye hakuhitaji kuulizwa mara mbili.

"Mtu wa mtoni, mwaka jana, masika? Namkumbuka. Mguu ulikuwa umevunjika. Shati lilikuwa na msalaba hapa kifuani, mdogo, wa kushonwa. Nilisema huyu ni wa hospitali au kanisa, mtu wake atakuja. Nilimweka zaidi ya muda unaoruhusiwa. Hakuna aliyeuliza."

"Yuko wapi sasa?"

"Walizikwa, mama. Kaunti ilipata amri ya korti, wakazikwa pamoja wale wote ambao hawakuwa na wenyewe. Shimo moja."

*

Syprose alikuwa akikatakata sukuma wiki kwenye kibanda chake walipofika. Alimwona Calvince, akamwona Rodah, akaendelea kukata mpaka fungu likaisha. Ndipo akaweka kisu chini.

"Mmempata."

"Mama Molly, tukae," Rodah alisema.

"Niambie nikiwa nimesimama."

Rodah akamwambia. Hakuficha mvinje wala mvua, wala watu waliodhani. Calvince aliongeza maneno machache kwa Kijaluo pale Kiswahili cha Rodah kilipokwama. Wateja wawili waliokuwa wakikaribia walirudi nyuma. Syprose alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Wakati huo wote alikuwa mochari?"

"Muda mrefu, ndiyo."

"Mimi nilitaka kwenda kumtafuta mochari. Nilikuja kwenu kuomba barua. Yule bwana wa kabla yako akaniambia, mama, usisumbuke, simu yake iko hai, bwana yako yuko Malaba na mwanamke." Alisema bila hasira, kama mtu anayehakikisha kumbukumbu yake. "Nikakaa. Nikamchukia. Mwaka mzima namchukia mtu aliyelala kwenye friji."

Akaachia meza, akamgeukia Rodah.

"Alipotolewa kwenye gari alisema nini?"

"Alisema wamwache yeye. Damu ipelekwe kwanza."

Syprose alifumba macho. Midomo yake ilitikisika, na kwa muda Rodah hakujua kama analia au anacheka.

"Huyo ni yeye," akasema. "Hapo umenionyesha. Huyo ni Phelix." Kisha akafumbua macho. "Utaandika? Ili wajue hakuiba? Ili mtoto wetu Molly aende nayo shule?"

"Nitaandika. Lakini barua rasmi haitoki mpaka kesi iishe."

"Na kesi itaisha lini?"

"Sijui, mama Molly."

"Na waliomwacha watafungwa?"

"Sidhani."

Syprose alivua aproni yake, akaikunja. "Basi nipeleke kwake," akasema.

Walisafiri pamoja siku iliyofuata, mpaka kule chini ambako hewa ni ya moto na chai haimei. Makaburi ya kaunti yalikuwa nyuma ya ukuta, uwanja wa nyasi ndefu na mbuzi. Mlinzi aliwatangulia, akasimama mahali ambapo nyasi zilikuwa za kijani zaidi, akanyoosha mkono kutoka kushoto mpaka kulia.

"Ni hapa. Kati ya hapa na pale."

"Yeye ni yupi?" Syprose aliuliza.

"Hatukuweka alama, mama. Walikuwa tisa."

"Vichwa viko upande gani?"

Mlinzi alitazama nyasi kama anayetumaini zitamjibu. "Sikuwepo siku hiyo," akasema.

Rodah alieleza kwa sauti iliyomwaibisha mwenyewe: kwamba inawezekana kuomba korti amri ya kufukua, kwamba watapima mfupa wa kila mmoja na kulinganisha na damu ya Molly, kwamba maabara ina foleni, kwamba huenda ikachukua mwaka, huenda miwili, na kwamba korti inaweza kukataa. Alipomaliza, maneno yote yalikuwa yameishia chini, kwenye nyasi.

Syprose alikuwa amevua viatu. Alitembea kutoka mwanzo wa lile shimo hadi mwisho wake, polepole, akikanyaga kwa uangalifu kama anayepita katikati ya watu waliolala.

"Hawa wengine," akasema, "nao hakuna aliyewalilia?"

"Hawakuwa na wenyewe," mlinzi alijibu.

"Basi kama sijui wangu ni yupi, nitawalilia wote."

Akafungua leso kiunoni, akaifunga upya kwa nguvu. Kisha akainua mikono juu ya kichwa na kutoa sauti moja ndefu iliyowafanya mbuzi watawanyike na mlinzi avue kofia. Alilia kwa Kijaluo, kwa namna ya kwao, akienda mbio mpaka ukutani na kurudi, akimwita Phelix kwa majina yake yote, na alipomaliza majina ya Phelix akawageukia wale wengine, ambao hakuwa na majina yao, akawaita mwana wa mtu, baba wa mtu, bwana wa mtu. Calvince alijaribu kusimama wima kama askari, akashindwa, akageuza uso.

Rodah alibaki pale pale. Kwao watu humlilia maiti kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa, na hakujua afanye nini na mikono yake. Aliinama, akaviokota viatu vya Syprose vilivyokuwa vimeachwa kwenye nyasi, akasimama amevikumbatia kifuani, akingoja amalize. Syprose alikuwa amefika kwa wa nne katika wale tisa.